Kizingiti cha Dani

Mwaka juzi nililipwa dola 12 kuwaeleza Wamarekani jinsi ya kuzuia wazazi wao wasianguke bafuni. Hiyo ndiyo kazi yangu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokataa kabisa, na tangu hapo naandika makala za mtandaoni ambazo jina langu halitokei popote: leo dawa ya kupe wa mbwa, kesho bima ya magari ya Texas. Mteja huyu aliuza vifaa vya wazee huko Ohio. Alitaka maneno 1,200 kuhusu vyuma vya kushikilia ukutani, mikeka isiyoteleza, taa zinazowaka zenyewe mtu akipita. Niliyaandika usiku mmoja nikiwa kwenye chumba changu cha futi 10 kwa 10 hapa Manyatta. Mteja akafurahi, akaniomba niongeze aya moja kuhusu zulia la kwenye korido.

Hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu, Dani alikuwa amelala. Dani ni nyanya yangu, mama ya baba, na ndiye aliyenilea. Ana miaka 81 kwa hesabu ya kitambulisho, ingawa mwenyewe anasema yule karani aliyemwandikisha alikuwa na haraka.

Wiki tatu baada ya makala ile, Dani alianguka. Alitoka saa tisa usiku kwenda choo, akafika, akarudi salama, kisha akajikwaa kwenye kizingiti cha mlango wake mwenyewe. Alilala pale chini mpaka mama wa mandazi alipotoka kuwasha jiko, na huyo huamka saa kumi na nusu. Dani aliita. Aliniita mimi kwa jina. Nilikuwa macho, nimeziba masikio kwa muziki, nikimalizia makala nyingine.

Kifundo cha mkono kilivunjika, nyonga ikavilia damu. Amepona, kwa maana kwamba anatembea.

Siku aliporudi nyumbani nilifungua ile makala yangu ya Ohio nitafute msaada. Hakukuwa na kitu. Makala yote ilidhani una korido. Ilidhani choo kiko ndani, na kwamba ukuta ni wa kitu kinachoshika skrubu. Ukuta wa Dani ni fito na udongo, na plasta nyembamba ya simiti kwa nje. Ukipiga msumari, unatoka na kipande cha ukubwa wa chapati.

Chuoni nilikuwa nikisoma historia. Tulifundishwa kuuliza kitu fulani kilijengwa na nani, lini, na kwa sababu gani. Tabia hiyo imebaki hata bila digrii. Basi nikaanza na kizingiti.

Kizingiti cha Dani kina kimo cha matofali mawili na simiti juu yake, karibu futi moja. Nyumba ilipojengwa mwaka 1974 hakikuwepo. Babu alikuwa mbeba mizigo wa reli pale gatini, akajenga kwenye shamba la baba yake, mlango ukiwa sawa na uwanja. Dani anasema kuku waliingia bila kuruka. Kilicholeta kizingiti ni barabara. Kila mara barabara ilipokumbukwa, ililetewa lori za murram, ikamwagwa juu ya ile ya zamani, ikashindiliwa. Barabara ikapanda, uwanja ukabaki bondeni. Mvua za El Niño za 1997 zilipoingia hadi chini ya kitanda, baba yangu akaweka tofali la kwanza. Miaka michache baadaye akaweka la pili. Kwa hiyo kile kilichomwangusha Dani ni kitu ambacho mwanawe alijenga ili kumkinga. Baba alifariki mwaka 2004, na hakuna aliyewahi kufikiria kukigusa.

Hilo la barabara lilinifanya nijiulize swali kubwa zaidi: katika mji huu, ni nani aliyewahi kufikiria kwamba mtu atazeeka ndani yake?

Kisumu ilianza kama mwisho wa reli. Reli ya Uganda ilifika ziwani Desemba 1901, mahali palipopewa jina Port Florence kwa heshima ya mke wa mhandisi Preston. Mji wa namna hiyo unahitaji watu wa kubeba, kusukuma na kufagia. Hauna kazi ya kumpa mtu wa miaka 81. Mwaka 1913 serikali ya Uingereza ilimtuma profesa wa afya, W. J. Simpson, azunguke Afrika Mashariki kuangalia usafi wa miji, na ushauri wake ukawa kuwatenganisha watu kwa rangi, kila kundi na mtaa wake, katikati kuwe na ukanda wa ardhi isiyojengwa. Tauni na malaria ndizo zilizotajwa kama sababu. Katika hesabu hiyo Mwafrika alikuwa mjini kwa ajili ya mikono yake. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akavishwa kipande, kikining'inia shingoni na rekodi ya waajiri wake ndani. Alipewa chumba cha kapera kwenye landhi. Mke alipaswa kubaki rizavu akilima, kwa sababu shamba lake ndilo lililoruhusu mshahara wa mume kuwa mdogo hivyo. Na mikono ikichoka, mwenye mikono anarudi rizavu pia. Uzee haukuwa kwenye ramani ya mji.

Mwaka 1954 jambo hili liliandikwa na serikali yenyewe. Kamati ya mishahara ya Waafrika, chini ya Kamishna wa Kazi F. W. Carpenter, ilitaka kujua kwa nini wafanyakazi hawatulii mjini. Jibu lake lilikuwa na mambo kadhaa: walipwe mshahara wa kutosha familia, wapate nyumba ya kukaa na mke na watoto, wahakikishiwe chakula, na wawe na usalama wa uzeeni. Miaka 53 baada ya reli kufika, imegundulika kwamba kuli huzeeka. Nilicheka peke yangu maktaba siku niliyoisoma, wakati huo nikiwa bado na kadi ya maktaba.

Uhuru ulikuja, na mwaka 1965 ukaanzishwa mfuko wa taifa wa NSSF, ambao kwa miaka mingi ulimpa mstaafu pesa zake zote mara moja badala ya kidogo kila mwezi. Babu naye alilipwa chake kwa mpigo, si ajabu siku hizo. Alinunua ng'ombe wawili, redio na mabati. Mabati yapo.

Lakini Manyatta ina kisa chake, na msomaji wa Nairobi huenda asikijue. Watu wengi wakisikia mtaa wa mabanda wanafikiria watu waliohamia ardhi ya serikali. Hapa sehemu kubwa ya ardhi ni ya wenyewe, ya watu wa Kolwa, na ina hati. Manyatta ilikuwa nje ya mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mipaka ya manispaa ikapanuliwa, na asubuhi moja watu waliokuwa wakilima mtama wakawa wakazi wa mjini bila kuhama hata hatua moja. Wageni wakaja kutafuta vyumba karibu na kazi. Shamba likawa ploti. Babu alijenga safu ya kwanza ya vyumba vinne mwaka 1981, baba akaongeza sita. Kila chumba kilichoongezwa kilikula sehemu ya uwanja, na choo kikasukumwa nyuma zaidi, mpaka kikafika kilipo leo: hatua arobaini na mbili kutoka kitanda cha Dani. Nimezihesabu. Njiani kuna kamba za nguo, beseni, majiko, na mtaro ulio wazi.

Hii ndiyo sababu watu wa familia yetu walipokutana baada ya Dani kuanguka, mazungumzo yalikwama mapema. Baba mdogo yuko Nairobi, gorofa ya nne, ni mtu mzuri, na alitaka amchukue. Mtu mwingine akasema si arudi tu nyumbani. Kimya. Nyumbani wapi? Kwa Waluo wengi wa mjini kuna nyumba ya kulala na kuna dala, boma la ukoo, na tofauti hiyo si mchezo: mwaka 1987 nchi nzima ilifuata kesi ya mwili wa wakili S. M. Otieno, ambaye mkewe Wambui alitaka azikwe karibu na Nairobi, na ukoo wa Umira Kager ukasema Nairobi mtu ana nyumba tu, dala iko Nyalgunga. Ukoo ulishinda, akazikwa Nyalgunga. Lakini dala ya Dani ni hapa. Babu amezikwa pale upande wa kushoto wa mlango, na mpangaji wa chumba namba tatu huanika soksi juu ya kaburi lake kila Jumapili ingawa ameambiwa. Mji ndio uliokuja kwake.

Dani alisikiliza yote halafu akasema kwamba huko gorofani atakuwa kama kuku wa sokoni, anapewa maji na kuangaliwa miguu. Mkutano ukaisha.

Kwa hiyo swali likabaki: atakaaje hapa bila kuanguka tena? Kuanguka si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, wengi wao wakiwa na zaidi ya miaka 60. Vyuma vile vya Ohio navyo vina historia. Waingereza walikuwa wamezoea kuwaweka wazee maskini kwenye majumba makubwa, mengine yakiwa ni zile nyumba za kazi za zamani walikofungiwa fukara. Mwaka 1962 mwanasosholojia Peter Townsend alichapisha kitabu, *The Last Refuge*, baada ya kutembelea majumba 173 ya namna hiyo, na picha aliyotoa iliaibisha watu. Wazo la kumwacha mzee akae nyumbani kwake, na kubadilisha nyumba imfae, lilipata nguvu katika hofu ya majumba hayo. Chuma cha ukutani ni kitu cha mtu anayeishi peke yake na hataki kuchukuliwa.

Sisi tulikuwa na kitu kingine. Katika boma la Kiluo la zamani kulikuwa na nyumba iitwayo siwindhe. Wasichana na watoto wadogo walilala humo na mwanamke mzee. Wavulana wakikua kidogo wanaondoka, wanaenda kwenye simba, nyumba yao, au duol, kibanda cha mzee wa boma. Mwanahistoria David William Cohen na mwenzake E. S. Atieno Odhiambo waliandika sana juu ya huyo mwanamke, aliyeitwa pim. Kitabu chao *Siaya* kilitoka 1989. Mara nyingi pim hakuwa hata wa ukoo huo. Alitoka kwingine, pengine mjane, akakaribishwa alee. Kwake watoto walijifunza hadithi, vitendawili, nani ni ndugu ya nani, mwili ukikua inakuwaje.

Wanahistoria hao wanauliza pim aliwapa nini watoto. Ni swali zuri, na majibu yao yalinifanya niipende historia. Lakini baada ya ile alfajiri nililisoma upya nikiwa na swali la kinyume: watoto walimpa nini pim? Fikiria usiku. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, macho yamefifia, yuko chumba kimoja na watoto wanane. Akitaka kutoka, kuna mtu wa kumshika mkono. Moto ukizima, kuna wa kuuchochea. Akianguka, hawezi kulala sakafuni saa moja na nusu akiita jina la mtu aliyeziba masikio. Hakuna kitabu nilichosoma kinachosema siwindhe ilibuniwa kwa ajili hiyo, na mimi sisemi hivyo. Nasema tu kwamba ilifanya kazi hiyo kila usiku, na kwamba ilipoisha hakuna aliyegundua kuwa kazi mbili zimeisha kwa mpigo.

Siwindhe iliisha taratibu: shule, bweni, nyumba ya mabati yenye vyumba, mshahara wa mbali. Na mtaani ploti haina mahali pake. Halafu ikaja miaka ya 1990. Ukimwi ulichukua Nyanza watu wa katikati, wale wenye umri wa kujenga na kubeba. Erick Nyambedha na wenzake, katika utafiti wao wa Bondo uliochapishwa 2003, walikuta mtoto mmoja kati ya watatu wenye chini ya miaka 18 amempoteza angalau mzazi mmoja, na mara nyingi mlezi aliyebaki ni bibi. Mimi nimo katika hesabu ya namna hiyo, kwa upande wa Kisumu. Tulilala kwa Dani wajukuu watano, mikeka miwili. Kwa hiyo kwa miaka kama kumi na mbili ile nyumba ilikuwa siwindhe bila kuitwa hivyo, na Dani hakuwahi kuanguka. Tukakua. Mmoja Mombasa, wawili Qatar, mmoja ameolewa Migori. Mimi nikahamia chumba namba saba, hatua thelathini, nikadhani nimebaki.

Mila nayo ina la kusema kuhusu nani alale wapi. Baba mdogo akija hawezi kulala nyumbani kwa mama yake, mtoto wa kiume mzima halali humo. Hukaa kwenye kiti nje hadi saa nne usiku kisha anatafuta gesti. Mjukuu ni tofauti. Mjukuu na nyanya wana utani wao, Dani huniita chuora, mume wangu, na hunilaumu mbele ya wageni kwamba sileti nyama. Kwa hiyo kazi ya kutengeneza nyumba iliniangukia mimi bila mjadala.

Nilianza kwa fundi wa kuchomelea pale Kibuye. Nilimwambia nataka nguzo za bomba zenye chuma cha kushikilia, zichimbiwe ardhini kwa kokoto na simiti kwa sababu ukuta hautashika. Akaniuliza ni za kufungia ng'ombe? Nikamwambia ni za nyanya. Akaacha kazi aliyokuwa nayo, akaja mwenyewe na boda hadi nyumbani. Alimsimamisha Dani mlangoni, akampa fimbo, akamwambia atembee kama kawaida, asijionyeshe. Akaweka alama mahali mkono wake uliposhika. Makala ya Ohio ilitaja inchi kamili. Fundi alisema inchi ni za mtu wa dukani. Akapaka rangi ya njano ili macho yake yaione gizani.

Kizingiti hatukuweza kukibomoa. Aprili ingetucheka. Tulijenga mteremko kwa nje, mrefu, mpole, na kabla simiti haijakauka fundi akaupiga kwa ufagio wa njukuti ili uwe na mikwaruzo. Ndani tukaweka kidato cha nusu. Mwanzoni mwa mteremko tukachimba mfereji mdogo wa kupeleka maji pembeni. Kwa siku mbili wapangaji waliruka simiti mbichi wakilalamika, isipokuwa yule wa soksi, ambaye alikanyaga. Unyayo wake upo mpaka leo.

Choo kilikuwa kigumu zaidi. Ni choo cha shimo cha kuchuchumaa, cha ploti nzima, na magoti ya Dani yaliacha kuchuchumaa zamani. Alikuwa akijishikilia mlango. Fundi wa mbao akakata tundu kwenye kiti kizito cha zamani cha babu, tukaweka ndoo yenye kifuniko chini yake, kiti kikakaa ndani pembeni mwa kitanda kwa ajili ya usiku. Kwa vifaa ilikuwa kazi ya mia nne. Kwa heshima ilikuwa vita. Nani atabeba ndoo asubuhi? Nilisema mimi. Dani akakataa wiki nzima, akawa anatoka usiku kwa ukaidi, mimi nikawa nalala mlango wazi nikisikiliza. Siku ya nane akaniambia: haya, chuora, mume mwingine angekuwa ameshaniacha. Nikabeba. Hatujaizungumzia tena.

Mkeka wa plastiki wa sebuleni, ule unaojikunja kwenye kona, alikataa uondolewe. Baba ndiye aliununua. Tumeupigilia pembeni kwa misumari bapa. Taa: balbu moja mlangoni kutoka kwenye laini ya tokeni, na taa ya sola umeme ukipotea, koroboi nimelificha. Simu yake ya kabambe nimeiweka namba yangu kwenye kitufe cha mbili, lakini huizima na kuifungia ndani ya mkebe wa kakao ili isimalize chaji. Hilo sijalishinda.

Kuna aina nyingine ya usalama ambayo makala yoyote ya Ohio haiwezi kuiwaza. Uchaguzi wa 2007, na tena wa 2017, moshi wa vitoa machozi uliingia nyumba za huku kupitia matundu ya juu ya ukuta. Kijana hukimbia. Dani mwaka 2017 alilala chini ya kitanda na leso iliyoloweshwa maji usoni. Tulizungumza kuhusu kuziba yale matundu, tukaona jiko la makaa litamuua kabla ya siasa. Tumeyaacha wazi.

Gharama yote ilikuwa shilingi 11,400. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa familia na serikali. Mpango wa Inua Jamii, uliofunguliwa mwaka 2018 kwa kila mtu wa miaka 70 na zaidi, ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa hiyo nyumba ya Dani ni karibu miezi sita ya pesa hizo, ikiwa katika miezi hiyo hatakula wala kununua dawa ya presha. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Pesa zetu zilitoka kwa watu wa Ohio, ambao hawajui.

Vyote hivyo vilisaidia mchana. Usiku ulibaki. Mimi nafanya kazi usiku kwa sababu wateja wangu wameamka wakati huo, na mtu anayeandika si mlinzi, nimeshathibitisha.

Chumba namba tano kuna mama anayeuza omena Kibuye, mtu wa Busia, ana wasichana wawili, mmoja gredi ya 6 na mwingine ya 8. Wote watatu futi 10 kwa 10, na mzigo wa omena kwenye gunia. Wasichana walikuwa wakisomea nje chini ya taa ya ploti jirani. Nilikwenda kwake na soda mbili, nikaongea kwa mzunguko mrefu, nikafika: walale kwa Dani, wasome kwenye meza yake, na kodi ipungue mia saba. Baba mdogo, ambaye ndiye hukusanya kodi, alisema kwenye simu kwamba hiyo ni biashara ya hasara. Nikamtumia bei ya mlezi wa kulala Nairobi. Akakubali.

Sitaki kusema ilikuwa kama Siaya ya zamani. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa makelele. Dani huongea Kijaluo, wao Kisamia na Kiswahili cha shule. Mkubwa aliona kiti cha tundu akatoka nje kucheka, Dani akasikia. Mdogo anaongea usingizini. Dani aliniambia hawa watoto hawajui hata ukoo wa mama yao, mtu wa gredi ya 8! Basi akaanza kuwauliza kila jioni, kidogo kidogo, na waliposhindwa wakampigia nyanya yao Busia wamuulize. Sasa mkubwa ana daftari. Ameandika majina mpaka vizazi sita na anamsahihisha mama yake.

Ndoo siku hizi anaibeba yeye, huyo mkubwa, sikumwomba. Mwezi uliopita usiku nilitoka kunyoosha mgongo, nikasikia kitanda kikilia kwa Dani, halafu sauti ya mdogo, nusu usingizini, ikisema, "Dani, ngoja niwashe." Taa ikawaka. Nikasimama pale karibu na chuma cha njano mpaka ikazimwa.

Mama yao ameniambia huenda wakahamia Ahero mwezi wa kwanza, kuna dada yake amepata nafasi sokoni. Nimemwomba wangoje angalau mvua za Aprili zipite. Amesema ataangalia bei ya omena.